Mwanangu, yule mama anaitwa nani?

Mwanangu mpenzi,

Picha zako nimezipata, zote tisa. Nilizitazama usiku uleule, kisha asubuhi nikazipanga dirishani nikazitazama upya, maana taa ya usiku hudanganya. Una jicho, na sisemi hivyo kwa kuwa nimekuzaa. Ile ya wazee wawili walioketi bila kusemeshana, kivuli cha mti kimewagawa katikati, hata mtu aliyeshika kamera miaka thelathini angejivunia kuipiga.

Lakini ninayetaka kuzungumza nawe leo ni yule wa picha ya saba. Mwanamke amesimama kando ya barabara, mtoto mgongoni, mfuko mzito mkono wa kushoto, macho ameyapeleka mbali. Mwanga umemwangukia mtoto shavuni, na nyuma ya picha umeandika neno moja: "Mama." Nilipokuuliza kwenye simu anaitwa nani, ulinijibu kwa haraka, "Sijui, mama, nilikuwa napita tu." Jibu hilo ndilo lililonikalisha chini niandike.

Ipo picha unayoijua tangu umepata akili. Wewe uko mgongoni kwangu, kichwa chako kimeegemea bega, macho umeyatoa kama unahesabu watu. Kila mgeni aliyeiona ukutani alisema vilevile: tazama mapenzi ya mama. Nami nilinyamaza, kwa sababu ulikuwa ukiipenda na sikutaka kukuharibia.

Sasa umekuwa mtu mzima na unapiga picha za akina mama, basi sikiliza ilivyokuwa. Ulikuwa na miezi saba. Nilikuwa nimetoka ofisini kukuombea hati ya kusafiria. Cheti chako cha kuzaliwa nilikuwa nacho, jina langu limo, na wewe mwenyewe ulikuwa pale mgongoni unapumua. Karani hakuinua uso. Akasema fomu haipokelewi bila sahihi ya baba. Nikamweleza baba yuko mbali kikazi, hatarudi leo wala kesho. Akairudisha fomu dirishani akasema, "Basi aje mwenye mtoto."

Mwenye mtoto. Nilitoka nje nikasimama kando ya barabara nisijue navuka au narudi. Machozi yalikuwa yamefika, nikayakatalia. Hapo ndipo mtu mmoja mwenye kamera akanipiga picha, akatabasamu, akaenda zake. Miezi kadhaa baadaye rafiki yangu aliikuta kwenye maonyesho, chini yake pameandikwa "Upendo wa mama," akaniombea nakala. Upendo ulikuwepo, sikatai, ila ulikuwa kwenye lile fundo nililolikaza mara mbili ili usianguke. Usoni palikuwa na hasira. Mpiga picha angeniuliza neno moja tu angelijua hilo, na pengine picha yake ingekuwa nzito zaidi.

Tangu hapo nimekuwa msomaji wa picha. Kila kitabu cha picha za mitaani nilichokipata nimekifungua kwanza kwenye akina mama, nione wenzangu walitazamwaje. Na wa kwanza niliyemwonea uchungu ni yule ambaye dunia nzima inaujua uso wake.

Mapema mwaka 1936, Dorothea Lange alikuwa akiipigia picha serikali ya Marekani, wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi. Akaingia kwenye kambi ya vibarua wa kuchuma njegere huko Nipomo, California, akamkuta mwanamke chini ya hema, watoto wamemzunguka. Akapiga picha chache kwa muda mfupi akaondoka. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba hakumuuliza jina wala habari zake. Aliambiwa umri tu, miaka 32. Unaijua picha hiyo: watoto wawili wamegeuza nyuso, mchanga amelala mapajani, mkono wa mama umegusa shavu. Ikawa sura ya umaskini wa nchi nzima, na pia sura ya mama wa kila mahali.

Jina lake lilikuja kujulikana mwaka 1978, baada ya miaka 42. Florence Owens Thompson. Alikuwa wa asili ya Wacherokee, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili wa Marekani, jambo ambalo watu waliomlilia kwenye picha hawakulijua. Alisema anatamani isingepigwa, na kwamba hakupata hata senti kutokana nayo. Familia yake walikanusha pia habari iliyosambaa na picha, kuwa walikuwa wameuza matairi ya gari wapate chakula, hawakuyauza. Nikisema haya simtukani Lange. Alikuwa mtu mwenye huruma, na picha zile zilipochapishwa gazetini chakula kilipelekwa kambini, ingawa Florence na wanawe walikuwa wameshaondoka. Ninachokuonyesha ni kwamba huruma nayo inaweza kumpita mtu bila kumwona.

Halafu kuna picha za zamani zaidi, za studio, ambazo wewe hujawahi kuziona, na ningependa uzitafute. Katika karne ya 19 kamera zilikuwa taratibu. Mtoto mchanga ilibidi atulie sekunde kadhaa, la sivyo uso ungetoka kama moshi. Nani anaweza kumtuliza? Mama yake. Lakini picha ilitakiwa iwe ya mtoto peke yake. Basi huko Uingereza na Marekani mama alifunikwa shuka gubigubi, akakaa kama kiti, mtoto akawekwa mapajani. Nyingine mama kajificha nyuma ya kiti na mkono umetokeza pembeni. Nyingine uso wake umekwanguliwa baada ya picha kusafishwa. Niliitazama moja kwa muda mrefu: mtoto kavaa gauni jeupe, na nyuma yake kitambaa chenye maua kimeshuka kutoka juu hadi chini, kina umbo la kichwa na mabega. Chini ya kitambaa, vidole vinne vimebana kiuno cha mtoto. Vidole hivyo ndivyo picha nzima. Bila yeye isingewezekana, na yeye ndiye asiyetakiwa kuonekana.

Sasa rudi kwenye picha yako ya saba. Umeukata mkono wake wa kushoto kwenye ukingo wa fremu, na uso umeuacha kwenye kivuli. Mtoto ndiye anayeng'aa. Mwanangu, naye umemfunika shuka.

Si kila mama asiyeonekana uso ameonewa, na hili nakuambia usije ukaanza kupiga picha kwa woga. Helen Levitt alitembea mitaa ya New York na kamera yake kwa miaka mingi, na ana picha moja ya miaka ya 1940 ambayo hunichekesha kila nikiiona. Mwanamke ameinama akaingiza kichwa chote ndani ya kigari cha mtoto, amebaki mgongo tu, na mtoto aliyeko ndani anacheka meno nje. Kichwa kimepotea, na yeye yupo pale kuliko mtu yeyote. Ameenda mwenyewe alikojificha. Tofauti iko hapo, nayo huwezi kuijua kwa kanuni. Unaijua kwa kumkaa mtu karibu.

Aliyenifundisha maana ya kukaa karibu ni Graciela Iturbide wa Mexico. Alimpoteza binti yake wa miaka sita mwaka 1970, na baada ya msiba huo ndipo akaishika kamera kwa dhati. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nadhani ndio uliomfanya asiwe na haraka na wanawake wenzake. Mwaka 1979 alianza kwenda Juchitán, kusini mwa Mexico, mji wa Wazapoteki, wenyeji wa asili wa huko, ambako soko liko mikononi mwa wanawake. Alikaa nao, akashinda nao sokoni. Siku moja akamwona mchuuzi mmoja, Zobeida Díaz, amebeba iguana hai kichwani, mijusi wakubwa wa kuuza, wamejipanga kama taji. Akamwomba asimame kidogo. Katika fremu nyingine za siku ile iguana wanateleza na mwenyewe anacheka; katika ile moja ametulia, ametazama mbali kama anayemiliki alichokisimamia. Watu wa mji wake waliipenda hata wakaitengenezea sanamu. Zobeida anajulikana kwa jina. Hakuna anayemhurumia. Picha za mwanamke wa sokoni mwenye mzigo kichwani zipo maelfu, na karibu zote zinakuambia "maskini." Hii inakuambia "karibu, bei ni hii."

Vivian Maier nitamtaja kwa ufupi, maana najua unamjua. Alilea watoto wa watu wengine, yaya wa kulipwa huko Chicago, huku akipiga picha zaidi ya laki moja ambazo karibu hakumwonyesha mtu. Ziligunduliwa mwaka 2007 kwenye mnada, naye akafariki 2009 kabla jina lake halijasikika. Kazi ya ulezi ilimpa njia ya kutembea mitaani bila kuulizwa anakwenda wapi. Nani humtilia shaka mwanamke anayeongozana na watoto? Lakini ulezi uleule ulimfanya asidhaniwe kuwa msanii. Yote mawili yalikuwa ndani ya gwanda moja.

Usije ukadhani suala la jina ni la picha tu. Huko Afghanistan jina la mama lilikuwa haliandikwi kwenye kitambulisho cha mtoto, wanawake wenyewe walianza kampeni ya kuuliza "Jina langu liko wapi?" na mwaka 2020 sheria ikabadilishwa. Ukitaka kutikisa kichwa kwa ajili yao, ngoja kwanza. England na Wales, kuanzia mwaka 1837, cheti cha ndoa kilikuwa na nafasi ya jina na kazi ya baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi, basi. Akina mama waliingia Mei 2021. Japani sheria inawataka mume na mke watumie jina moja la ukoo, na katika kila ndoa 100, kama 95 hivi ni mke anayeacha lake. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi linahesabu zaidi ya nchi 20 ambako mwanamke hawezi kumpa mwanawe uraia kwa haki ileile aliyo nayo baba. Yule karani wangu alikuwa na ndugu wengi duniani.

Waarabu humwita mama kwa jina la mwanawe, Umm fulani. Nasi tunaosema Kiswahili tunaita Mama fulani. Ni heshima, nami naipenda. Nimeitwa kwa jina lako miaka yote na sijawahi kulisikia bila moyo kujaa. Ila heshima hiyo ina mlango wa nyuma. Ipo miaka niliyokaa hata mwezi mzima bila kusikia mtu akitamka jina nililopewa na wazazi wangu, na siku moja mtu alilitamka nikachelewa kuitika.

Kwa hiyo nakuomba mambo machache, na usiyachukue kama masharti. Najua mtaani huwezi kuomba ruhusa ya kila kitu. Kufumba na kufumbua jambo limepita, na Levitt mwenyewe alitumia kioo cha kutazamia pembeni watu wasijue wanapigwa. Piga kwanza ikibidi. Lakini baada ya kupiga usikimbie. Shusha kamera, msalimie, mwonyeshe. Akisema futa, futa mbele yake, hata kama ni picha ya maisha yako. Akikubali, muulize anaitwa nani na leo ametoka wapi, kisha nyamaza usikilize. Jina si lazima ulichapishe. Wengine kujulikana kunawahatarisha, na hilo ni lake kuamua. Wewe lijue.

Tazama mikono kabla ya uso, maana uso wa mwanamke umefundishwa kujizuia tangu utotoni. Mikono husema amechoka, ana haraka, amebana kiuno cha mtoto kwa sababu kuna gari linakuja. Na ukikuta mama peke yake, bila mtoto, mpige pia. Anaendelea kuwa mtu mtoto akiwa shuleni.

Mwanamke wa picha ya saba ulimpata karibu na unakoishi, uliniambia unapita pale kila siku. Basi pita tena. Chapa nakala moja umpelekee. Huenda ni kweli alikuwa na furaha wakati ule na mimi nimemvika hasira yangu, sitashangaa. Ukishajua utaniambia.

Picha yetu nimeitoa ukutani, nimeitia kwenye bahasha hii. Fremu imeacha alama ya mraba na sijui nitaweka nini pale. Nyuma nimeandika kwa kalamu ya wino jina langu kamili, umri wangu siku ile, nilikuwa natoka wapi, na karani aliniambia nini. Isome kabla hujaitundika kwako.

Mama yako