Bahari inameza, lakini je, inahifadhi?

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, sijui wewe. Swali lako limenikaa kichwani: kama bahari inameza hewa ukaa yote hiyo, ile gesi ya kaboni inayoipasha dunia joto, tuna haja gani ya kuhangaika?

Kumeza inameza kweli. Kila mwaka huchukua takriban robo ya hewa ukaa tunayoitoa, na kaboni iliyomo baharini ni kama mara 50 ya iliyoko angani. Ila gesi iliyoyeyuka juujuu inaweza kurudi hewani muda si mrefu. Ya kutegemewa ni ile iliyozama.

Huzama kwa njia mbili. Karibu na Greenland na kandokando ya Antaktika, maji hupoa, yakawa mazito, yakashuka vilindini pamoja na gesi yake na kukaa huko mamia ya miaka. Njia ya pili ndiyo ninayoipenda. Vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho hujijenga kwa jua na hewa ukaa. Vidudu vya baharini huvila, kisha vinyesi vyao hugandamana na ute na mizoga, vikawa vipande vyeupe vinavyodondoka gizani kwa siku nyingi, hata majuma. Naam, tunategemea mavi! Tena mengi huliwa na bakteria njiani na kugeuka gesi upya. Yanayozikwa sakafuni ni kidogo mno.

Sasa ongeza joto. Unajua soda ya moto inavyotapika gesi ukiifungua. Maji ya bahari nayo yakipata joto hushika gesi kidogo. Isitoshe, maji ya moto ni mepesi, hukaa juu ya yale ya baridi bila kuchanganyika nayo, na virutubisho vya chini havipandi kuvilisha vijimea. Kemia nayo inabana: kadiri bahari inavyozidi kuchukua hewa ukaa, ndivyo uwezo wake wa kuchukua nyingine unavyopungua. Wanasayansi Roger Revelle na Hans Suess waliliandika hilo tangu 1957.

Na wale uliowataja, wanaotaka kumwaga chuma baharini ili vijimea vistawi? Kustawi vitastawi, majaribio yameshaonyesha. Lakini waulize ni kiasi gani kitazama na kubaki chini. Hapo ndipo majibu yao yanapokuwa mafupi, na mimi pesa yangu siwapi.

Wasalimie wote nyumbani. Nasubiri ubishi wako.

Ni mimi,
rafiki yako