Acheni kubadilisha majina ya mafaili ya MAME

Mhariri, naomba nafasi niongee na wenzangu wa gemu za zamani, jamani acheni kubadilisha majina ya mafaili! MAME, ile programu ya kuchezea gemu za mashine za zamani kwenye kompyuta, tangu ilipotoka 1997, inatafuta faili la zipu la gemu kwa jina lake fupi, ukiiita "Pac-Man nzuri" badala ya pacman haiioni. Tena pacman yenyewe inahesabiwa kama kloni ya puckman, yaani toleo linalotegemea mafaili ya toleo mama, kwa hiyo kama seti zako za mafaili zimegawanywa (kloni ina yale tu yanayotofautiana na mama) na ukafuta puckman ukidhani ni takataka basi gemu haifunguki, na gemu za mashine za Neo Geo nazo zinataka neogeo.zip, faili la mfumo wa mashine hizo, iwepo. Mi naona anayetaka gemu chache tu achukue seti zinazojitegemea, kila zipu ina mafaili yote ya gemu yake, zinakula nafasi lakini hazisumbui. Na ukiapdeti MAME, kagua mafaili upya kwa clrmamepro, programu ya kukagua mafaili hayo.

Mpenzi wa gemu za zamani