Barua ya wazi kwa Rais wa Akademia ya Oscar: madeni yenu ya tuzo analipa nani?

Kwa Mheshimiwa Rais,
Akademia ya Sanaa na Sayansi za Filamu,
Beverly Hills, California, Marekani.

YAH: KURA ZA MACHI 1993 NA NYINGINE ZA AINA HIYO

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtazamaji tu. Sina kura, sina uanachama, na zulia jekundu naliona kwenye kioo cha televisheni. Nilicho nacho ni ugomvi wa miaka mingi na watu ninaowapenda, kuhusu nani alistahili tuzo gani na nani alidhulumiwa. Ugomvi huo mnaulisha ninyi, kila mwaka, bila kukosa. Nakuandikia kwa sababu nimechoka kugombana bila ushahidi, na ushahidi uko kwenu.

Niondoe kwanza lawama iliyochakaa, ili usidhani nimekuja nayo. Kila anayewasema huanza na Citizen Kane, filamu ya Orson Welles iliyoteuliwa kuwania tuzo tisa mwaka 1942, ikaondoka na moja tu, ya mswada, huku tuzo ya filamu bora ikienda kwa How Green Was My Valley ya John Ford. Mimi simo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: ile filamu ya Ford, ya familia ya wachimba makaa ya mawe huko Wales, imetengenezwa na fundi hasa, na wengi wanaoidharau hawajaitazama. Wapiga kura walipenda kilichowagusa. Vivyo hivyo kwa Hitchcock, aliyeteuliwa mara tano kama mwongozaji bora na asipate hata mara moja. Vertigo yake ya mwaka 1958 mliiteua kwa mapambo ya seti na sauti tu, na mwaka 2012 wahakiki waliopigiwa kura na jarida la Sight and Sound wakaiweka namba moja ya filamu zote. Macho yenu yalikuwa hayajafika. Hilo nalisamehe, maana hata macho yangu huchelewa.

Nisichosamehe ni tabia ya kulipa deni kwa mali ya mtu mwingine.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1940 James Stewart alikosa tuzo ya mwigizaji bora kwa Mr. Smith Goes to Washington, na watu wakaona ameonewa. Mwaka uliofuata mkampa kwa The Philadelphia Story, kichekesho kizuri ambamo yeye ni wa tatu ukishawahesabu Katharine Hepburn na Cary Grant. Aliyekaa chini usiku huo ni Henry Fonda, aliyekuwa Tom Joad katika The Grapes of Wrath. Stewart mwenyewe alisema kura yake alimpigia Fonda! Fonda akasubiri. Hakuteuliwa tena kama mwigizaji kwa miongo minne, hadi mwaka 1982, mlipomkumbuka kwa On Golden Pond. Alikuwa mgonjwa hata hakuweza kufika. Binti yake Jane alimpokelea, na Agosti ya mwaka huo huo baba akafariki.

Deni limelipwa? Ngoja. Usiku ule wa 1982 walikosa Burt Lancaster wa Atlantic City, ambaye kwangu ndiye aliyekuwa bora kuliko wote watano, na Paul Newman. Newman naye alikuwa anawadai tangu The Hustler ya mwaka 1961. Mkamlipa mwaka 1987 kwa The Color of Money, akiwa mhusika yule yule, Eddie Felson, robo karne baadaye, katika filamu ambayo hata wanaompenda mwongozaji wake, Martin Scorsese, huitaja wakiwa wamefika chini kabisa ya orodha. Na aliyekosa safari hii? Bob Hoskins wa Mona Lisa, aliyekuwa ametoka tamasha la filamu la Cannes na tuzo ya mwigizaji bora kwa kazi hiyo hiyo. Hoskins hakuteuliwa tena maishani mwake. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Ninyi harusi mmeicheza wenyewe, matanga mkamwachia mpita njia.

Sasa nifike kwenye kichwa cha barua.

Mwaka 1975 Al Pacino alikuwa na The Godfather Part II. Jack Nicholson alikuwa na Chinatown. Mkampa Art Carney kwa Harry and Tonto, mzee anayesafiri na paka wake. Sina neno baya juu ya Carney, wala juu ya paka. Lakini deni la Pacino likaanza kuzaa riba, na kufikia Machi 1993 lilikuwa limeshakuwa aibu. Mkamlipa kwa Scent of a Woman, filamu ambayo Pacino anapaza sauti mwanzo hadi mwisho, akitulia kidogo tu kucheza tango. Ile tango ni nzuri kweli.

Aliyekosa ni Denzel Washington kwa Malcolm X, filamu ya Spike Lee kuhusu mwanaharakati Mweusi wa Marekani.

Naomba mtu yeyote ofisini kwako aketi aitazame tena filamu ile, dakika zake zote 202, kisha aniambie kwa macho makavu kwamba matokeo yale yalikuwa sawa. Washington hakuigiza mtu mmoja. Kuna kijana wa suti pana na nywele zilizonyooshwa kwa dawa, anayetembea kana kwamba barabara ni ya baba yake. Kuna mfungwa asiyejua aweke wapi mikono yake anapotakiwa kusali, magoti yanayokataa kukunjika. Kuna mhubiri ambaye hasira yake imepigwa pasi ikanyooka, anayeweza kuusogeza umati kwa ishara ya mkono. Na kuna yule anayerudi kutoka hija ya Makka akiwa na uso laini zaidi na macho yaliyochoka zaidi, anayejua kwamba siku zake zinahesabika. Hakuna tukio linalotangaza mabadiliko hayo. Unageuka tu unakuta ni mtu mwingine, na bado ni yule yule. Sauti inapanda ngazi taratibu kwa zaidi ya saa tatu, na kila ngazi unaisikia.

Filamu hiyo mliiteua mara mbili tu: Washington, na Ruth E. Carter kwa mavazi. Spike Lee hamkumteua kama mwongozaji. Miaka mitatu kabla, Do the Right Thing yake haikuingia hata kwenye orodha ya filamu bora, mwaka ambao Driving Miss Daisy ndiyo iliyoibuka mshindi. Mwigizaji Kim Basinger alisimama jukwaani kwenu usiku ule ule akasema waziwazi kwamba kuna filamu imesahauliwa. Nampenda Basinger mpaka leo kwa ajili hiyo.

Washington alikuja kulipwa Machi 2002, kwa Training Day, akiwa askari mla rushwa. Anatisha mle ndani, sikatai. Lakini fikiria ujumbe uliobaki kwenye vitabu: Malcolm hakupewa, askari mwovu kapewa. Na usiku huo Will Smith aliyekuwa Muhammad Ali, Tom Wilkinson wa In the Bedroom na wengine wakarudi nyumbani mikono mitupu, wakiwa wamechangia bila kuombwa kulipa deni la mwaka 1993, ambalo nalo lilitokana na deni la mwaka 1975.

Siku hizi wadai wanagongana mlangoni. Mwaka 2023 Jamie Lee Curtis alipewa tuzo ya mwigizaji msaidizi kwa Everything Everywhere All at Once, na kila mtu alielewa kwamba inapongezwa kazi ya maisha. Lakini waliokaa chini walikuwa Angela Bassett, anayewadai tangu alipomwigiza mwanamuziki Tina Turner katika filamu ya mwaka 1993, na Stephanie Hsu, aliyebeba nusu ya filamu ile ile ya Curtis mabegani. Kwangu mimi tuzo ile ilikuwa ya Hsu, bila mjadala mrefu. Bassett mlimpa Oscar ya heshima Januari 2024. Hiyo ndiyo njia sahihi, na mnayo! Tuzo za heshima zipo kwa ajili ya kazi ya maisha. Tangu mwaka 2009 mmezitengea hafla yake peke yake. Basi lipeni huko, ili mwaka mmoja uwe mwaka mmoja.

Kuna wengine ambao hawawezi hata kuitwa wadai, kwa sababu hawakufika kwenye orodha. Lupita Nyong'o alishinda mwaka 2014 kwa 12 Years a Slave, na alistahili. Lakini kazi yake kubwa kwangu ni Us ya mwaka 2019, alipoigiza wanawake wawili wanaowindana: mmoja mama anayeficha jambo, mwingine kivuli chake, mwenye sauti inayotoka kama inapita kwenye tundu la sindano. Wanapokutana uso kwa uso, unasahau kwamba ni mwigizaji mmoja. Wahakiki wa New York walimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Ninyi hamkumpa hata uteuzi. Mwaka mmoja kabla mlimfanyia vivyo hivyo Toni Collette wa Hereditary. Filamu za kutisha mnaziogopa kwa namna isiyo sahihi.

Sasa ombi langu. Katika vipengele vingi vyenu, anayeongoza kwa kura ndiye mshindi, basi. Filamu bora peke yake ndiyo wanachama huipanga kwa kuipa nafasi ya kwanza, ya pili na kuendelea. Maana yake, wakiwania watano, mtu anaweza kushinda kwa kura 21 kati ya kila 100, na 79 zikawa zimesambaa kwa wenzake. Je, Pacino alimshinda Washington kwa mbali, au kwa kura tatu? Fonda na Stewart je? Tunagombana gizani. Chapisheni hesabu za kura kila zinapotimiza miaka 25. Ziwe jina na idadi, hakuna zaidi; nani alimpigia nani ibaki siri.

Najua jibu litakuwa kwamba idadi zitawaaibisha walioshika mkia. Lakini mmeshawahi kusema. Mwaka 1969 Katharine Hepburn na Barbra Streisand walitoka sare kwenye tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwa kura 3,030 kila mmoja, idadi ikajulikana, na hakuna aliyedhurika. Mwaka 1932, kwa upande wa wanaume, Fredric March alimzidi Wallace Beery kwa kura moja, na kwa kuwa kanuni za wakati ule zilihesabu pengo dogo kama hilo kuwa sare, wote wawili wakapewa. Leo tunaisimulia hadithi hiyo kwa furaha. Mtu aliyeshindwa kwa kura moja hana aibu ya kuficha. Ana kitu cha kuwaambia wajukuu.

Na nikupongeze kwa jambo moja, ingawa limechelewa mno. Aprili 2025 mlitangaza kwamba mwanachama hataruhusiwa kupiga kura ya mwisho katika kipengele chochote mpaka awe ametazama filamu zote zilizoteuliwa humo. Nilisoma tangazo hilo mara mbili. Kumbe kwa zaidi ya miaka tisini mwalimu aliruhusiwa kusahihisha mitihani bila kufungua madaftari? Sasa nimeelewa mengi kuhusu Machi 1993, maana dakika 202 si chache kwa mtu mwenye shughuli zake.

Kama kufungua makabati yote ni kazi kubwa, anzeni na faili hilo moja. Miaka 25 yake ilishapita. Kuna rafiki yangu anayeshikilia kwamba Pacino alishinda kwa kishindo, na tumewekeana dau la chakula cha jioni.

Wako,
Mtazamaji asiye na kura

Nakala: Wahasibu wanaobeba zile bahasha