Kuhusu vali ya mama

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa kuuguza. Umeniuliza kama mama akubali kuwekewa kile kibanio cha moyoni. Uamuzi ni wake na daktari wake, ila niliyosoma nakumegea.

Vali yake ya mitrali, ule mlango wa damu kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, haifungi sawasawa, hivyo damu hurudi kuelekea mapafuni. Ndiyo maana akilala chali anahema. Kwa njia ya kibanio, katheta, yaani mrija mwembamba, hupitishwa kwenye mshipa wa kinenani hadi moyoni, kisha ncha mbili za vali hubanwa pamoja katikati. Kifua hakipasuliwi wala moyo hausimamishwi. Wazo lilitokana na mshono wa Ottavio Alfieri, daktari mpasuaji wa moyo wa Italia, aliyeshona ncha hizo pamoja.

Lakini unachotaka ni matokeo. Mwaka 2018 zilitoka tafiti mbili, zikapingana. COAPT, ya Marekani na Kanada, ilihusu wagonjwa 614 ambao vali ilivuja kwa sababu moyo wenyewe ulikuwa umedhoofika. Baada ya miaka 2, waliokuwa wamefariki ni asilimia 29 ya waliowekewa kibanio, na 46 ya waliobaki na dawa tu. MITRA-FR ya Ufaransa, wagonjwa 304, haikuona nafuu yoyote kwa mwaka mzima! Wataalamu wengi husema wale wa Ufaransa mioyo yao ilikuwa imetanuka zaidi, huku uvujaji ukiwa mdogo. Maelezo hayo yananiingia akilini: misuli ya moyo ikishachoka kupita kiasi, kubana vali kutasaidia nini? Na nisikufiche, hata katika COAPT, ilipofika miaka 5 zaidi ya nusu ya waliowekewa walikuwa wamefariki. Ni wagonjwa mahututi hao, tusisahau.

Kama kasoro iko kwenye vali yenyewe, hesabu inabadilika. Utafiti wa EVEREST II wa mwaka 2011 ulionyesha upasuaji unazuia uvujaji vizuri zaidi, ingawa kibanio kilikuwa na madhara machache mwanzoni, hasa haja ya kuongezewa damu. Kwa hiyo mzee asiyeweza kuhimili kisu ndiye hufikiriwa kwanza.

Mkienda kliniki, muulize daktari: kasoro ni ya vali au ya misuli? Dawa zimeshafikishwa kiwango chake? Na hapo wanafanya kazi hii mara nyingi? Akiwajibu kwa haraka haraka, mrudie. Mama msalimie sana, na jioni hiyo nipigie.

Wako,
rafiki yako wa siku zote