Anza na angaza(), restrict baadaye

Uyole, Mbeya
Julai

Ndugu yangu,

Kamwene! Hamjambo huko Iringa? Huku baridi imekaza, ila tu wazima.

Nimeusoma msimbo wako wa C wa picha za parachichi. Ndani ya lupu unaita fanksheni `angaza()`, ambayo mwili wake uko kwenye faili nyingine. Kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya mashine) inaona jina tu, kwa hiyo haiwezi kuupachika mwili huo pale inapoitwa, wala haijui fanksheni hiyo inaandika wapi kwenye memori. Ndiyo maana `restrict` uliyoongeza ili lupu iende kasi, yaani kuahidi kwamba pointa zako hazigusi sehemu moja ya memori, haijasaidia. Ihamishie `angaza()` kwenye heda, ili kila faili inayoiita iuone mwili wake, iwe `static inline`, au weka `-flto` (inayoruhusu kupachika miili kutoka faili nyingine) wakati wa kukompaili na wakati wa kuunganisha, pote pawili.

Hapo ndipo pointa (anwani za memori) zinaanza kuwa na maana. Lupu yako inaandika `p->data[i]`, `p` ikiwa pointa ya picha, huku ikipima mwisho kwa `p->upana * p->kimo`. `uint8_t` kwa kawaida ni `unsigned char`, na C inairuhusu aina hiyo iguse kitu chochote. Basi kila ukiandika baiti moja, kompaila inalazimika kudhani huenda umebadilisha `upana`, `kimo`, hata `data` yenyewe, na inavisoma upya. Picha ya 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12! Kabla ya lupu andika `int n = p->upana * p->kimo;` na `uint8_t *d = p->data;`, kisha ndani tumia hivyo viwili tu.

Halafu iulize kompaila yenyewe: `clang -O2 -Rpass-missed='inline|loop-vectorize' -Rpass-analysis=loop-vectorize`, yaani ni wapi imeshindwa kupachika fanksheni au kushughulikia pikseli kadhaa kwa mpigo. Itakutajia mstari na sababu. Ikilalamika kwamba gharama ya kupachika imepita kikomo cha 225, tafadhali usikimbilie `always_inline`, inayoilazimisha kupachika: msimbo unavimba, rejista (nafasi chache za haraka ndani ya prosesa) zinaisha, thamani zinahamia kwenye steki, yaani kwenye memori. Igawe fanksheni. Njia inayopitiwa na kila pikseli ibaki fupi, ile ya kuripoti makosa ikae peke yake.

`restrict` ni ahadi, na kompaila hailazimiki kuikagua. Kwenye kulainisha unapitisha picha ileile kama chanzo na lengo. Ukiiweka pale, `-O0` (bila uboreshaji) inaweza kukupa picha safi, `-O2` (pamoja na uboreshaji) ikakupa mistari iliyoharibika. Tenga bafa ya pili kwanza, yaani nafasi nyingine ya memori kwa picha ya lengo.

Ukishahamisha `angaza()`, nitumie ripoti ya kompaila kabla hujagusa kingine. Wasalimie nyumbani.

Rafiki yako wa Uyole