Barua ya wazi kwa mama yangu mdogo, kabla hajamlipa mwalimu wa mazoezi

Mama mdogo, shikamoo.

Juzi uliniambia kwa simu, kwa sauti ya furaha ambayo sijaisikia tangu ulipostaafu ualimu, kwamba umempata kijana wa kukufanyisha mazoezi, na kwamba anataka umlipe fedha za miezi mitatu kwa mkupuo ili akupunguzie bei. Nilikuomba unipe siku mbili nifikiri. Majibu yamekuwa marefu kuliko simu inavyoweza kubeba, na kwa kuwa umeniruhusu, ninayaandika hadharani, kwani wapo akina mama wengi hapo Morogoro na kwingineko walioambiwa na daktari wafanye mazoezi, kisha wakatolewa chumbani kabla hawajauliza ni mazoezi gani na wayafanye na nani.

Uamuzi wako ni sahihi, na sitaki barua hii ikuvunje moyo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamshauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili, na kwa waliofikisha miaka 65 linaongeza mazoezi ya kuufundisha mwili kusimama imara, ili wasianguke. Wewe una miaka 61. Sehemu ya kutembea unaimudu mwenyewe, maana kutoka nyumbani hadi Uwanja wa Jamhuri na kurudi hakuhitaji mwalimu, kunahitaji viatu tu na kuamka kabla jua halijachomoza nyuma ya Uluguru. Ni ile sehemu ya misuli inayohitaji jicho la mtu mwingine, na ndiyo utakayomlipia.

Sasa nije kwenye picha ulizonitumia. Kijana ana mwili mzuri, sibishi. Lakini mwili ule unaonyesha jinsi anavyojifundisha yeye mwenyewe, mtu wa miaka ishirini na kitu ambaye magoti yake hayajawahi kumwambia neno, na hauonyeshi hata kidogo kama anajua la kufanya na mama mwenye presha ambaye goti lake la kulia huuma kila anaposhuka ngazi za msikitini. Kuhusu ahadi yake ya kukupunguza kilo kumi kwa mwezi, niseme wazi: madaktari wengi hushauri nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na anayeahidi zaidi ya mara mbili ya hapo, kabla hata hajakuona umesimama, ama hajui anachosema au anajua.

Ninayo sababu ya kuwa mkali, na sikuwahi kukueleza. Miaka kadhaa iliyopita, nilipojiunga na jimu moja hapa Dar es Salaam, nilikabidhiwa mwalimu mwenye kifua kama mlango, ambaye hakuniuliza hata kama niliwahi kufanya mazoezi maishani. Siku ya kwanza alinipigisha pushapu, akanichuchumaza na kunirusha, akanivutisha vyuma kwa zaidi ya saa nzima, na kila niliposema nimechoka alinijibu kwamba uchovu uko kichwani. Kesho yake sikuweza kuinua mkono nichane nywele. Nikaambiwa ni kawaida, na ni kweli kwamba misuli iliyofanyishwa kazi ngeni huuma, maumivu yakafika kileleni kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha yakapungua. Yangu hayakupungua, na siku ya pili jioni mkojo wangu ulitoka na rangi ya chai ya rangi. Hospitalini nilielezwa kwamba nyuzi za misuli zilikuwa zimevunjika na mabaki yake yamemwagika kwenye damu, na figo zilikuwa zinahangaika kuyachuja. Nililazwa siku nne nikiwekewa dripu. Wewe uliambiwa nina malaria, ukaniombea dua, na mimi nikanyamaza kwa aibu.

Tangu hapo ninampima mwalimu wa mazoezi kwa maswali anayouliza kabla hajaniambia ninyanyue chochote. Iko fomu ya maswali saba iliyotengenezwa Kanada na ambayo walimu wa nchi nyingi huitumia, na maswali yake hayana usomi wowote: je, daktari amewahi kukuambia una ugonjwa wa moyo au presha, je, kifua hukubana ukiwa umetulia au ukifanya kazi, je, hupata kizunguzungu hadi kupoteza mizani au fahamu, je, una ugonjwa mwingine wa kudumu, je, unatumia dawa za ugonjwa wa kudumu, je, una tatizo la mfupa au kiungo ambalo mazoezi yanaweza kulizidisha, na je, daktari amesema ufanye mazoezi chini ya uangalizi wa kitabibu tu. Kijana wako hahitaji kuwa na fomu hiyo mkononi, anahitaji kuwa na maswali hayo kichwani. Uliponisimulia mazungumzo yenu ya nusu saa, nilisikia kuhusu bei, kuhusu wateja wake, na kuhusu unga wa kujenga mwili anaouuza. Sikusikia neno presha.

Na presha yako ina mambo yake. Atenololi unayomeza kila asubuhi huuzuia moyo usiende mbio, kwa hiyo mwalimu anayetegemea ile saa ya mkononi inayohesabu mapigo atakuona uko chini, akuongezee kasi, kumbe umekwishafika mwisho. Mwalimu anayejua dawa hizo hupima kwa mdomo: mazoezi ya wastani ni yale ambayo unaweza kuyafanya huku unazungumza lakini huwezi kuimba, na ukianza kukata maneno matatu matatu amekwisha kukuzidishia. Vilevile atakuzuia kubana pumzi unaponyanyua kitu, kwa sababu kubana pumzi huipandisha presha ghafla, na atakuinua kutoka sakafuni polepole, kwa hatua, ili usipate kizunguzungu. Ukimuuliza kuhusu pumzi akakujibu "vuta tu mama, mwili utajizoesha", mshukuru kwa muda wake.

Goti ni habari nyingine. Goti linalouma kwa miaka miwili si kazi ya mwalimu wa mazoezi kulitambua, ni kazi ya mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, watu wa aina ya wale wanaosomeshwa katika hospitali ya KCMC kule Moshi. Omba rufaa hospitalini, akuangalie hata mara moja, akuandikie ni mikunjo gani uiepuke na ipi uifanye, kisha karatasi hiyo ndiyo umkabidhi mwalimu. Mwalimu mwema ataipokea kwa furaha kwa sababu imempunguzia kubahatisha. Atakayekuambia madaktari wanawatia watu woga atakuwa amekujibu swali ambalo hukumuuliza.

Umeniuliza kuhusu cheti. Wapo walimu waliopita Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba, wapo waliosoma elimu ya viungo na michezo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wapo wenye vyeti vya mashirika ya Marekani kama ACSM, NASM na ACE, ambavyo haviishi milele: huhuishwa kila baada ya miaka michache, na mwenye cheti hutakiwa pia kuwa amefunzwa kumwokoa mtu ambaye moyo wake umesimama. Kwa hiyo usiridhike na karatasi iliyotiwa fremu. Soma jina la aliyeitoa na tarehe ya mwisho, kisha umuulize atafanya nini iwapo utaanguka barazani hapo hapo mbele yake. Nimewaona wenye cheti wasiojua kutazama mtu, na nimemwona fundi mzuri asiye na cheti, lakini kwa umri wako na presha yako nisingependa tubahatishe.

Hata hivyo, kuliko cheti na maswali yote, kitu kilichonifundisha kumtambua mwalimu ni kumtazama akiwa na mtu mwingine. Asubuhi moja nilikuwa Coco Beach, nimekaa ukutani nikinywa maji ya dafu, karibu na mzee mmoja aliyekuwa akifanyishwa mazoezi na binti mwembamba ambaye ungempita njiani usijue kazi yake. Walikuwa na kiti cheupe cha plastiki, basi. Mzee alitakiwa kukaa na kuinuka bila kushika popote, akiwa amekunja mikono kifuani. Binti hakusimama mbele yake, alisimama ubavuni, hatua moja nyuma kidogo, mahali ambapo aliweza kuuona mgongo, nyonga na goti kwa pamoja, na mkono wake ulikuwa tayari pasipo kumgusa. Mzee alipofika mara ya saba goti la kushoto likaanza kuingia ndani. Alikuwa bado ana nguvu, na alitaka kufika kumi, lakini binti alisema "basi babu, saba zako ni nzuri", akamketisha, akachukua daftari la mistari la shule, akaandika. Baada ya mapumziko aliweka mto juu ya kiti ili kiwe kirefu kidogo, na mzee akafanya nane huku goti likiwa limenyooka. Mita kumi kutoka hapo kijana mwingine alikuwa akimhesabia mama mmoja kwa sauti kubwa huku macho yake yako kwenye simu, na alipotoka kwenye kumi na tano akarudi kumi na mbili bila kujua. Yule mama alijua, lakini alifanya tu.

Ndiyo maana ninakuomba, kabla ya jambo lolote, umwambie kijana wako kwamba unataka kuja kutazama kipindi cha mteja wake mmoja mwenye umri unaokaribia wako. Kama wateja wake wote ni vijana wanaojiandaa kwa ajili ya harusi, utakuwa umejifunza kitu bila kulipa senti.

Kuhusu fedha nitasema kidogo kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kuzitunza. Lipa kwa kipindi, vinne au sita vya mwanzo, na mpatane kwa maandishi nini kitatokea akichelewa, ukiugua, au mmoja wenu akitaka kuacha. Miezi mitatu kwa mkupuo humfunga mlipaji peke yake. Unga na vidonge vya kupunguza mwili usinunue kwake hata kimoja, hasa vile vya kuharisha na kukojoza, ambavyo hupunguza maji na chumvi mwilini na mizani ikashuka kwa siku mbili, na ambavyo vinaweza kugongana na dawa zako.

Liko jambo ambalo najua hukulisema kwa haya. Mwalimu hulazimika wakati mwingine kumgusa mtu ili kumrekebisha mgongo au bega, na una haki ya kuombwa ruhusa kila mara, kukataa bila kutoa sababu, kufanya mazoezi ukiwa na ushungi wako na gauni lako pana, na kuwa na mtu mwingine nyumbani kipindi kinapoendelea. Kama moyo wako ungetulia zaidi kwa mwalimu mwanamke, tumtafute mwanamke, tena si lazima awe na jimu. Muulize pia mapema atafanya nini Ramadhani. Mwenye akili atakuambia mtapunguza uzito wa mazoezi na kusogeza muda uwe baada ya futari, na atakutaka umuulize daktari saa za kumeza dawa. Asiyejua atakuambia mwezi huo mpumzike wote, au, vibaya zaidi, kwamba kufanya mazoezi na kiu ndiko kunakoyeyusha mafuta.

Jumamosi nitapanda treni ya asubuhi, nitakuwa hapo kabla ya adhuhuri. Tafadhali usimtumie fedha kabla ya hapo. Andika kwenye karatasi majina ya dawa zako zote na saa unazozimeza, ukiwemo ule mchanganyiko wa majani wa jirani ambao unadhani siujui. Mwambie kijana aje saa kumi jioni kwa mazungumzo na jaribio la dakika ishirini, nasi tutamlipa nauli na muda wake. Mtolee barazani kile kiti cha mninga cha babu kisicho na mikono, akuombe ukae na kuinuka. Mimi nitakuwa kwenye mkeka, nikimenya machungwa, nikimtazama atasimama upande gani.

Mwanao,
Dar es Salaam