Msiisasishe ile laibrari kwanza

Wakuu, habari za asubuhi. Ambaye hajasasisha ile laibrari ya fomu, ule msimbo wa wenzetu tunaoutumia kutengenezea fomu, aiache ilivyo. Toleo la juzi wenye laibrari wamebadilisha namba ya mwisho tu, ile ya marekebisho madogo, kumbe ndani wameondoa fanksheni mbili tunazozitegemea. Nimekesha hapa Sakina mpaka saa tisa usiku nikisaka kosa kwenye msimbo wangu, kumbe wala si langu! Na ile hitilafu ya tarehe tuliyowaripotia, wamefunga ripoti yake bila kuirekebisha.

Rudini toleo la zamani, andikeni namba yake kamili, msiweke mbele ile alama ya kofia (^), inayoruhusu matoleo mapya kuingia yenyewe. Faili la matoleo nalo, lile linaloshikilia namba kamili za laibrari zote, lipandisheni Git, tunakotunzia msimbo.

Aliyekwama, Jumamosi saa nne Njiro, palepale. Njooni na ekstensheni, soketi ni mbili tu.